Mujibu wa Sheria: Nani Aitwe Jeshini, na kwa Hoja Ipi?

Mwishoni mwa Mei, mitihani ya kidato cha sita ikishakwisha, Morogoro huingia msimu mdogo wa manunuzi ambao haumo kwenye kalenda yoyote. Wazazi wa mabinti waliomaliza Kilakala Sekondari na shule nyingine za mkoa huzunguka Soko Kuu la Chifu Kingalu na maduka ya jirani wakisaka vitu vilivyotajwa kwenye wito wa Jeshi la Kujenga Taifa (JKT). Orodha yenyewe haina mzaha: bukta ya bluu iliyokoza, yenye mpira kiunoni na mfuko mmoja nyuma, isiyo na zipu, inayofika magotini, fulana ya kijani, raba za michezo za kijani au bluu, shuka mbili za bluu bahari, soksi ndefu nyeusi, nguo za baridi kwa aliyepangiwa mikoa ya baridi, na nauli ya kwenda na kurudi. Juu ya hayo, binti abebe vyeti na nyaraka za kuombea chuo, maana dirisha la udahili hufunguliwa yeye akiwa kambini.

Bodaboda anayemrudisha mzazi mmojawapo Kilakala, chini ya milima ya Uluguru, huenda ni kijana wa rika lilelile la binti huyo. Aliishia kidato cha nne kwenye shule ya kata. Orodha ile haimhusu, na hakuna afande atakayemuuliza kwa nini hakuripoti. Yeye na binti yule ni raia wa nchi moja na wamesoma shule za serikali, lakini mmoja anaitwa kwa mujibu wa sheria na mwingine haitwi kabisa.

Mjadala wa utumishi wa lazima jeshini umerudi kwa kishindo duniani. Lithuania iliurudisha mwaka 2015. Sweden, iliyousitisha mwaka 2010, iliamua mwaka 2017 kuurejesha. Latvia ilifuata mwaka 2023. Morocco nayo ilipitisha sheria mwishoni mwa 2018 ya kuwaita vijana kwa miezi 12. Huko swali ni kama urudishwe au usirudishwe. Tanzania imekwishapita njia hiyo: iliusitisha mwaka 1994 na kuurudisha mwaka 2013. Tuliloruka ni swali lililotangulia: kwa nini aitwe mhitimu wa kidato cha sita na asiitwe mwingine? Hapo zamani swali hilo lilikuwa na jibu. Ninachodai hapa ni kwamba jibu lile limepitwa na wakati, na hatujatafuta lingine.

Deni la msomi

JKT ilianzishwa Julai 10, 1963, ikiwa ya kujitolea. Wazo lilitoka katika vikao vya vijana wa chama cha TANU, na katika miaka ya mwanzo wataalamu wa Israel walisaidia mafunzo. Miezi sita baadaye, Januari 20, 1964, askari wa Tanganyika Rifles waliasi katika kambi ya Colito, ambayo leo ni Lugalo, wakidai mishahara bora na maofisa Waafrika. Serikali iliokolewa na makomandoo wa Uingereza, aibu ambayo Mwalimu Nyerere hakuificha. Jeshi lile likavunjwa, na lilipoundwa Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) Septemba 1964, safu zake zilijazwa na vijana waliotoka TANU na JKT. Tangu hapo JKT ikabeba kazi mbili kwa pamoja: kuzalisha mali na kuzalisha askari ambaye nchi inaweza kumwamini.

Ulazima ulikuja mwaka 1966. Waliohitimu kidato cha sita na vyuo walitakiwa kutumikia miaka miwili: miezi michache kambini, na muda uliobaki kazini huku mshahara ukikatwa asilimia 60. Oktoba 22 mwaka huo, wanafunzi wa Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam na vyuo vingine waliandamana hadi Ikulu. Bango mojawapo lilidai kwamba hali ilikuwa nafuu wakati wa ukoloni. Nyerere aliwasikiliza, akawajibu kwa hasira, akatangaza palepale kupunguza mshahara wake kwa asilimia 20, na wanafunzi zaidi ya 300 wakafukuzwa. Wengi walirudishwa baadaye. Miezi michache tu mbele, Februari 1967, likaja Azimio la Arusha.

Hoja ya Nyerere ilikuwa hoja ya deni. Mwaka ule waliofika chuo kikuu walikuwa wachache mno, na kila mmoja alisomeshwa kwa jasho la wakulima wa pamba, kahawa na mkonge ambao watoto wao hawakupata nafasi hiyo. Akimaliza, kazi na mshahara mnono vilikuwa vinamsubiri. Kumtaka mtu wa namna hiyo alale kwenye hanga, ashike jembe na kupokea asilimia 40 kwa muda mfupi kulikuwa ni kumdai alichokopeshwa. Mtu angeweza kukataa njia iliyotumika, lakini hesabu yenyewe ilikuwa wazi. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilikwenda mbali zaidi: ili uingie chuo kikuu, ilibidi kwanza upite JKT, ufanye kazi, na upate mapendekezo ya chama.

Sasa itazame hesabu hiyo leo. Watahiniwa wa kidato cha sita wanazidi laki moja kwa mwaka. Wengi wao wakifika chuoni watasoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu (HESLB) watakaoulipa kwa kukatwa mshahara, wale watakaoupata mshahara. Ajira haiwasubiri, wao ndio wanaoisubiri. Ni kweli kwamba ada ya kidato cha tano na sita ilifutwa kuanzia mwaka wa masomo 2022/23, kwa hiyo taifa bado linawasomesha. Lakini ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne ilikuwa imekwishafutwa tangu Januari 2016. Kama elimu ya umma ndiyo inayozaa deni, mdaiwa si mhitimu wa kidato cha sita peke yake. Na yule dereva wa bodaboda yumo.

Hoja nne na uzito wake

Wanaoutetea utaratibu wa sasa huleta hoja nne: ulinzi, umoja, nidhamu na uzalishaji. Kila moja ina mizani yake.

Kwa upande wa ulinzi, miezi mitatu ya sasa ya kwata, mchakamchaka na kulenga shabaha humfahamisha kijana jeshi. Haimfanyi kuwa askari. Nchi zinazotegemea askari wa kuitwa huwaweka kambini kwa miezi mingi, kisha huwaita tena kila baada ya muda kwa mafunzo ya akiba. Kwetu, akiba ya kweli imekuwa mgambo. Idi Amin alipovamia Kagera mwishoni mwa 1978, jeshi lilipanuliwa haraka kwa makumi ya maelfu ya wanamgambo waliotoka vijijini, bega kwa bega na vijana wa JKT. Vita ile ilithibitisha kwamba ulinzi wa wananchi unafanya kazi. Ilithibitisha pia kwamba wananchi wenyewe wengi wao hawakuwa na cheti cha kidato cha sita.

Umoja ndiyo hoja nzito kuliko zote, nami naichukulia kwa uzito huo. Binti wa Kilakala akipangiwa Bulombora kule Kigoma, au Mafinga, au Rwamkoma mkoani Mara, atalala hanga moja na watu asiowajua, atakula nao, atapigishwa doso pamoja nao mmoja wao akikosea, na atatoka na marafiki wa mikoa kumi. Hakuna somo la uraia linaloweza kufanya hivyo. Shida ni kwamba Kilakala yenyewe ni shule ya bweni ya kitaifa. Zamani iliitwa Marian College, ikiwa mikononi mwa masista wa Maryknoll, na leo ni miongoni mwa shule maalumu za wasichana wenye ufaulu wa juu. Wasichana wake tayari wametoka pande zote za nchi. Wamekwishachanganyika kabla ya kuvaa bukta ya bluu. Asiyechanganyika ni mtoto wa shule ya kata. Tangu shule hizo zilipoenea katikati ya miaka ya 2000, kijana anaweza kuanza darasa la kwanza na kumaliza kidato cha nne bila kuvuka mpaka wa wilaya yake. Kama JKT ni dawa ya utengano, tunampa dozi aliyekwishapona na kumpita mgonjwa mlangoni.

Nidhamu hutajwa sana na wazazi. Wapo wanaoapa kwamba mtoto wao alirudi akiamka alfajiri na kutandika kitanda bila kuambiwa. Hilo ni jema, lakini nidhamu ya filimbi na ya adhabu ya pamoja hudumu pale tu filimbi inapolia. Zaidi ya hapo, taifa linalotaka wahandisi, madaktari na mahakimu lina haja pia ya raia anayejua kuuliza swali. Walioandamana mwaka 1966 walikosea katika mengi, lakini walifanya jambo moja la kiraia: walimwambia mkubwa usoni kwamba hawakubaliani naye.

Hoja ya nne, uzalishaji, ndiyo inayohitaji uangalifu. JKT ni taasisi yenye mashamba na viwanda, na tawi lake la kibiashara, SUMA JKT, lipo tangu mwaka 1981. Mkoani Morogoro penyewe, kikosi cha Chita kule bonde la Kilombero kinajulikana kwa mpunga. Ukuta wa Mererani wenye urefu wa zaidi ya kilomita 24, uliozinduliwa Aprili 2018, ulijengwa kwa miezi michache na JWTZ pamoja na vijana wa JKT. Hakuna anayebeza kazi hizo. Lakini kati ya kumfundisha kijana vita na kumlimisha kuna mpaka wa kisheria. Katiba yetu, Ibara ya 25, inakataza kazi za shuruti, kisha inaiondoa katika katazo hilo kazi ya ujenzi wa taifa ya lazima kwa mujibu wa sheria. Mikataba ya Shirika la Kazi Duniani haina ulegevu huo. Mkataba namba 29 wa mwaka 1930 unaruhusu utumishi wa lazima jeshini kwa kazi za kijeshi tupu, na ule namba 105 wa mwaka 1957 unakataza kabisa kutumia kazi ya shuruti kwa maendeleo ya uchumi. Kwa maneno mengine, gwaride la lazima linapita. Palizi ya lazima kwenye shamba la biashara haipiti.

Somo la ngazi za Uluguru

Morogoro haihitaji kwenda mbali kujua shuruti inavyofanya kazi hata pale nia inapokuwa njema. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, serikali ya kikoloni iliona milima ya Uluguru inamomonyoka na mito inayolisha bonde inajaa tope. Hofu hiyo ilikuwa na msingi. Dawa waliyoiandika ilikuwa matuta ya ngazi: kila kaya itoe nguvukazi ichimbe, na asiyechimba atozwe faini. Mabwana shamba hawakuwasikiliza Waluguru walipowaambia kwamba udongo wa juu kwenye miteremko yao ni kiduchu, na kwamba kuchimba ngazi ni kuleta juu udongo usio na rutuba. Mahindi yakadumaa. Minong'ono ya kuporwa ardhi ikaenea. Julai 1955 watu walikusanyika Matombo kupinga, polisi wakafyatua risasi, mtu mmoja akafa, na mpango mzima ukatupwa. TANU, iliyokuwa na umri wa mwaka mmoja, ilipata wanachama wengi kutokana na hasira ile.

Leo ukipanda Mgeta, upande wa pili wa milima hiyohiyo, utakuta matuta ya ngazi yamepangana hadi juu, yakiwa na kabichi, karoti na njegere. Yamechimbwa na wakulima wenyewe, kwa sababu mboga zinalipa na maji yapo. Kazi ni ileile iliyomwaga damu Matombo. Kilichobadilika ni kwamba sasa mchimbaji anaiona faida yake na hakuna anayemsimamia na daftari la faini. Kwa hiyo shuruti si lazima iwe dhambi, lakini ina masharti mawili: anayeshurutishwa aelewe sababu, na mzigo usimwangukie yeye peke yake. Utumishi wa lazima wa vijana upimwe kwa masharti hayohayo.

Wanaoitwa na wanaopiga foleni

Utaratibu ulipositishwa mwaka 1994, sababu ilikuwa fedha. Serikali ya kipindi kile cha kubana matumizi haikuweza kulisha, kuvisha na kulaza kila aliyetajwa na sheria. Uliporudishwa mwaka 2013, wabunge kadhaa vijana nao wakivaa kombati kuonyesha mfano, ukomo wa fedha ulijionyesha tena: katika miaka ya mwanzo waliitwa baadhi tu ya wahitimu. Baadaye wito ulipanuliwa hadi kuwaita wahitimu wote wa shule za Bara, na wenye ulemavu wakaelekezwa kikosi cha Ruvu, Mlandizi, kwa kuwa kina miundombinu ya kuwapokea. Zanzibar ina chombo chake, Jeshi la Kujenga Uchumi. Hiyo ni hatua. Lakini "wote" hapo ni wote wa tabaka moja la elimu.

Wakati huohuo, upande wa pili wa lango, kuna vijana wasioitwa wanaoomba kuingia. Hao ni wa kujitolea. Huomba kupitia wilaya na mikoa, hutumikia miaka miwili, na wengi wao wana lengo moja ambalo hawalifichi: kuajiriwa JWTZ, Polisi, Magereza, Uhamiaji au Zimamoto, ambako mafunzo ya JKT ni sifa muhimu. Aprili 2021 jambo hilo lililipuka. Vijana waliokuwa kwenye kazi za ujenzi waligoma wakidai kuandikishwa jeshini kama walivyoamini wameahidiwa, na zaidi ya 800 wakarudishwa makwao. Mwaka uliofuata Rais Samia Suluhu Hassan aliwasamehe. Tukio lile lilisema wazi kwamba kwa kijana asiye na ajira, kujitolea ni njia ya kutafuta kazi.

Basi tuna milango miwili. Mmoja unamlazimisha anayetaka kwenda chuo, ambaye mara nyingi anahesabu siku amalize aende zake. Mwingine unamchuja anayetaka kubaki. Hakuna hata mmoja ulio utumishi wa taifa zima.

Wengine wamefanyaje

Kenya ilijaribu njia iliyofanana na yetu. Kuanzia mwaka 1984, serikali ya Moi iliwapeleka waliochaguliwa kuingia chuo kikuu katika kambi za NYS, shirika la huduma ya vijana kwa taifa, kwa miezi mitatu. Mpango huo haukumaliza muongo mmoja. Nigeria ilianzisha utumishi wake wa vijana, NYSC, mwaka 1973, vita vya Biafra vikiwa vimekwisha miaka mitatu kabla, na inawapeleka wahitimu wa vyuo mwaka mzima nje ya majimbo yao. Hiyo imedumu kwa sababu lengo lake linaeleweka na mhitimu analipwa posho. Rwanda ina Itorero kwa wahitimu wa sekondari, pamoja na kazi za kujitolea katika jamii zinazofuata.

Onyo kali liko Eritrea. Tangazo la mwaka 1995 liliweka utumishi wa miezi 18 kwa wanaume na wanawake. Vita na Ethiopia vilipozuka mwaka 1998, muda huo ukageuka usio na mwisho, na vijana kwa maelfu wakaikimbia nchi kupitia Sudan na Libya. Kilichowafukuza si mafunzo ya kijeshi bali kutojua siku ya kurudi nyumbani. Muda mfupi unaojulikana ni haki, si upendeleo.

Sweden inafundisha jambo tofauti. Kila anayefikia umri, wa kike na wa kiume, hujaza fomu ya maswali. Kisha wachache huchaguliwa kwa afya, uwezo na utayari wao. Thailand kila Aprili huwaita vijana wa kiume wachukue karata, nyekundu uende jeshini, nyeusi urudi nyumbani. Njia hizo mbili ni tofauti sana, lakini zinafanana kwa jambo moja: wachache wanatolewa katika kundi la wote. Kwa upande mmoja sisi tumewatangulia wengi wa Ulaya, maana wasichana wetu waliitwa tangu miaka ya 1960, ilhali Denmark imewajumuisha wanawake kwa usawa mwaka 2025 tu. Tulipobaki nyuma ni kwenye ubaguzi wa cheti.

Njia ninayoipendekeza

Kuwaita wote haiwezekani. Nchi iliyohesabiwa watu milioni 61.7 mwaka 2022, wengi wao wakiwa watoto na vijana, ina watu zaidi ya milioni moja wanaofikia miaka 18 kila mwaka. Hakuna kambi za kuwalaza hao, na zikijengwa, fedha zitatoka kwenye zahanati na madawati. Kufuta kabisa nako ni kutupa kitu chenye thamani, hasa ule mchanganyiko wa hangani.

Kinachowezekana ni kubakisha idadi ambayo bajeti inaimudu na kubadili namna ya kuipata. Nafasi zigawanywe kwa mikoa na kata, na wachaguliwe kwa bahati nasibu kutoka kwa kila aliyefikisha miaka 18, awe kidato cha sita, awe fundi gereji, awe anauza ndizi kutoka milimani. Usajili wa vitambulisho vya taifa (NIDA) huanza umri huohuo, na ofisi za serikali za mitaa zinawajua watu wake. Miezi mitatu ibaki mitatu, nayo iwe ya mafunzo tu. Kazi za shamba na za ujenzi ziachiwe wa kujitolea, kwa mkataba wa maandishi unaotaja posho, muda na kile ambacho hawajaahidiwa. Na asiyeweza kushika silaha kwa sababu ya dhamiri yake apewe utumishi mbadala hospitalini, kama Ujerumani ilivyofanya kwa miongo mingi hadi 2011.

Najua pingamizi. Mhitimu wa kidato cha sita ana likizo ndefu kati ya mtihani na chuo, kwa hiyo miezi mitatu haimgharimu sana. Mwendesha bodaboda akiondoka miezi mitatu, nyumbani hakuliki, na mwenye pikipiki atampa mwingine. Pingamizi hilo ni la kweli, na jibu lake ni posho inayomtosha. Ikiwa hatuwezi kumlipa, basi tumepata kipimo cha bei halisi ya utumishi huu, bei ambayo mpaka sasa tumeiepa kwa kumwita yule asiyekuwa na cha kupoteza kwa miezi hiyo mitatu. Pingamizi la pili, kwamba bahati nasibu ni kamari, halina nguvu: kura ya wazi mbele ya wananchi wa kata ina haki zaidi kuliko cheti, ambacho mara nyingi hufuata mfuko wa mzazi.

Sheria ya ulazima wa JKT ilipotungwa ilimlenga mtu aliyependelewa na kumwambia arudishe. Mtu huyo leo ni mgumu kumpata, na aliyebaki kwenye daftari ni mtoto wa kawaida aliyefaulu mtihani. Tukimwita yeye, tuwaite na wenzake. Tukishindwa kuwaita wenzake, tuache kuuita utaratibu huu wajibu wa kila kijana, tuuite unavyostahili: mafunzo ya miezi mitatu kwa wanaokwenda chuo.